Gari na Aliyemo

Magharibi ile Sindano alikuwa akifanya kila jambo aliloambiwa asilifanye.

Aliambiwa asiende kununua gari peke yake. Alikuwa peke yake. Aliambiwa aende asubuhi, injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi yake. Yeye alikuwa njiani wakati taa za maduka zinaanza kuwashwa, saa ambayo hata rangi ya gari huijui sawasawa. Aliambiwa asionyeshe shida. Na shida ilikuwa imemjaa usoni hata wapita njia walimpisha.

Sindano ni jina alilopewa na majirani. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na mdomo wake ulichoma. Mshauri wake alikuwa shangazi yake, mwalimu wa udereva aliyestaafu, mwanamke wa kwanza katika ukoo wao kumiliki gari, na kwa ajili hiyo alijiona ana haki ya kumshauri kila mwanamke aliyeshika mkoba. Shangazi alikuwa na mawaidha mengi: nusa kapeti, papasa kingo za milango, usilisifie gari mbele ya muuzaji, mchukue fundi wako mwenyewe na si wa yadi. Lakini lile alilolisisitiza, akilisema huku amemshika mkono, lilikuwa hili:

"Mwanamke akifika yadi, anapimwa yeye kabla hajalipima gari. Wakikutajia kitu usichokijua, usiulize. Ukiuliza tu, umekwisha. Watakupa mkweche uliopakwa rangi. Wewe itikia kwa kichwa, useme, najua. Hata kama hujui."

Ushauri mzuri huo. Umewaokoa wanawake wengi.

Fundi wake alikuwa Grisi, jirani wa nyumba ya pili, ambaye jioni ile alituma ujumbe kwamba amekwama chini ya lori la watu, wasubiri kesho. Kesho haikuwepo. Kesho ilikuwa siku ya mama kupelekwa hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimekwisha choka. Na juzi dereva wa teksi alimshusha njiani, kisa alitapika kidogo kwenye kapeti. Sindano alimkuta amekaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, akiwaomba radhi watu waliokuwa wakipita. Hakuna aliyekuwa amemkosea wala aliyekosewa. Aliomba radhi tu.

Tangu hapo Sindano alitaka jambo moja duniani: mama yake asishushwe njiani tena. Mfa maji haachi kutapatapa.

Yadi ilikuwa mwisho wa mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, imezungushiwa waya, taa moja juu ya nguzo ikiwaka na kuzima. Muuzaji alitoka kwenye kontena lililokuwa ofisi yake. Mtu wa makamo, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni ingawa joto lilikuwa la kutoa jasho. Kwa mazoea ya kazi, Sindano aliona kwamba kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, tena vibaya. Huyu hana mke, akajisemea.

Wauza magari huongea mpaka ukatamani ungeyaacha masikio nyumbani. Huyu hakuongea. Alimwacha Sindano ajifanye mjuzi wa gia na rejeta, kisha akauliza swali moja. Alitaka kujua anaishi na nani.

Naye Sindano, aliyeambiwa asionyeshe shida, akamwaga yote. Mama. Figo. Teksi. Ukingo wa barabara.

Muuzaji akaonyesha kwa kidevu gari dogo la rangi ya fedha, kona ya mwisho kabisa, limegeuziwa ukuta.

"Lile," akasema. "Lilikuwa la mwanamke mmoja tu. Hakuwa na fujo."

Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo hata Sindano akadhani amesikia vibaya. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kumwokota mama yao barabarani.

Akalikagua. Akapapasa kingo za milango akitafuta kutu. Akachutama akitafuta oili iliyodondoka. Akainua kapeti akanusa, maana gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko halifichi harufu. Ya matope haikuwepo. Ilikuwepo nyingine, nyepesi, ya vuguvugu...

Pumzi. Pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi.

Akawasha. Injini ikaitika mara moja, laini, kama cherehani jipya. Muuzaji hakusogea. Alisimama mbali, mikono nyuma, na kila alichosema alikisema chinichini, kama mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa.

Ndipo Sindano alipouona mkanda wa kiti cha abiria, kile cha mbele, kando ya dereva. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mkanda umefungwa. Tena haukulala juu ya kiti kama mikanda mingine. Ulikuwa umejitenga nacho, umepinda, umeacha nafasi.

Akaufungua.

Ting...

Ting...

Ting...

Kwenye dashibodi kikawaka kile kitaa chekundu kinachomwambia dereva kwamba abiria wake hajafunga mkanda.

"Ufunge," muuzaji akanong'ona kutoka kule. "Ukifungwa, anatulia."

Sindano akaufunga, mlio ukakoma. Moyoni akacheka. Mlio unatulia, gari linatulia, huyu anasema anatulia. Kiswahili cha yadi hicho. Watu wa magari, gari kwao ni mtu: linakula, linakohoa, linachoka.

"Utalichukua na aliyemo?" muuzaji akauliza.

Hapo mtu mwingine angeuliza. Bwana, una maana vilivyomo? Jeki, tairi la akiba, kapeti? Na kama si hivyo, aliyemo ni nani? Swali jepesi ambalo hata mtoto angeliuliza. Sindano mwenyewe alilihisi limefika kwenye ulimi. Lakini sauti ya shangazi ilikuwa sikioni. Ukiuliza tu, umekwisha. Akaitikia kwa kichwa.

"Najua," akasema.

"Sema kwa mdomo."

"Nalichukua na aliyemo."

Muuzaji akashusha pumzi ndefu. Akafungua kile kifungo cha shingoni.

Asubuhi Grisi alikuja na aibu yake ya kutofika, akafungua boneti, akaingia uvunguni, akatoka akifuta mikono. Gari zima kabisa, alisema, na alilisema kwa wivu kidogo, kwa sababu lingekuwa bovu angepata kazi. Kuhusu mlio wa mkanda, akaeleza kwamba chini ya kiti kuna sensa ya uzito, na imeharibika. Kiti kinadhani kimekaliwa. Akaweka kiganja juu ya kiti amwonyeshe.

Akakiondoa upesi.

"Jua," akasema.

Gari lilikuwa limelala chini ya paa la bati, na jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Grisi, ambaye hakuwa akiondoka pale bila chai, siku hiyo alikumbuka ana kazi.

Mama alilipenda gari. Alizunguka akiligusagusa, mgonjwa yule, akitabasamu kama bibi harusi. Jina la kuzaliwa la Sindano lilikuwa la bibi yake mzaa mama, kwa hiyo mama yake tangu zamani humwita "mama", na hawakuwa wakiona ajabu kuitana hivyo, wote wawili mama, kila mmoja wa mwenzake. Mama alipoketi kiti cha mbele akaguna kwa raha.

"Mama, kiti chako kina joto zuri," akasema.

Wakaenda hospitali, wakarudi. Hakuna aliyeshushwa njiani. Wakaenda tena. Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya shangazi, ya kusimuliwa kwenye harusi.

Lakini mama alianza kuongea.

Mwanzoni Sindano alidhani anaongea na yeye. Alimgeukia, akamkuta anatazama mbele, midomo inacheza, sauti ndogo, ile ya wanawake wawili wanaosengenya. Ananyamaza. Anasikiliza. Anacheka kidogo. Na ile harufu ya pumzi ikawa inazidi, hata Sindano akawa anaendesha vioo wazi.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na huyu mwenzangu. Ananishika kiuno nisianguke kwenye kona." Akatega sikio. "Maskini, anasema amechoka kukaa."

Sindano akajiambia ni sumu ya figo, imepanda kichwani. Manesi walimwonya kwamba hutokea. Alitaka sana kuamini hivyo. Kuanzia siku ile akamweka mama kiti cha nyuma, naye mama akalia. Alilia kama mtoto aliyenyimwa titi, akasema huko nyuma anasikia kichefuchefu, akasema kule mbele kuna mtu anamsubiri.

Mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkanda uliopinda.

Basi jioni moja, wakitoka hospitali, Sindano hakuelekea nyumbani. Alielekea yadi. Mama alikuwa nyuma amesinzia, mweupe midomo, kama ilivyokuwa kawaida yake baada ya kusafishwa damu. Sindano akaegesha nje ya waya, akamfunika kwa kanga, akamwamsha kidogo.

"Mama, kaa hapa nakuja. Usishuke mpaka nirudi."

"Haya, mama," mama akajibu bila kufumbua macho. "Sishuki."

Muuzaji alikuwa amekonda kidogo na amependeza. Sweta halikuwepo tena. Alipomwona Sindano hakushangaa, alisogeza kiti, akakaa yeye. Sindano akasema amelirudisha gari, alichukue, hataki hata kurudishiwa chochote. Muuzaji akatikisa kichwa.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza vizuri, ukaitika kwa mdomo. Wewe si mtoto."

"Aliyemo ni nani?"

Sasa ndipo alipouliza.

Muuzaji akaeleza kwa kifupi, akitazama mikono yake. Alikuwa mke wake. Siku moja, akirudi naye kutoka matembezini, alisimamisha gari nje ya nyumba fulani ambayo mke hakutakiwa kuijua. Vioo vimepandishwa, jua la mchana. Mke alikuwa na pumu. Alimwambia akae, asishuke mpaka arudi, ni dakika tu. Naye alikuwa mwanamke msikivu.

"Sikurudi mpaka magharibi," akasema. "Maneno yangu ndiyo yaliyomfunga pale. Kaa hapa, usishuke mpaka nirudi. Nimerudi mara ngapi! Nimemwambia shuka, nimepiga magoti nimemwambia shuka. Hawezi. Kushuka kunataka miguu, na ile miguu tumeizika."

Sindano hakuwa akimsikia tena. Alikuwa akiyasikia maneno yake mwenyewe, aliyoyaacha nje ya waya sasa hivi.

"Usiweke mgonjwa pale," muuzaji alikuwa akisema. "Ningekuambia, lakini ungelikataa. Mtu aliyechoka na miguu yake, mtu mwepesi, wakikaa pamoja wanaweza..."

Sindano alikwisha toka. Alikimbia katikati ya safu za magari, kiatu kimoja kikabaki, hakukirudia.

Gari lilikuwa pale pale. Taa ya nguzo ikawaka, ikazima, ikawaka.

Kiti cha nyuma kilikuwa na kanga tu.

Mama alikuwa mbele. Amekaa wima, mikono mapajani, mkanda umefungwa. Amefumbua macho. Macho yalikuwa meupe, safi, ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Umechelewa," akasema. "Twende nyumbani."

Njia nzima hakusema kingine. Alitazama nje, akageuza shingo kufuata kila taa na kila mtu anayetembea, kama mgeni aliyeshuka kutoka mbali. Walipofika, Sindano akazunguka upesi kumsaidia, kama siku zote, kumwinua kwapani. Hakuhitajika. Mama alijifungulia mkanda, akaweka mguu mmoja chini, akautazama. Akaweka wa pili. Akasimama akipiga nyayo zake ardhini, taratibu, mara hii mguu huu, mara hii ule. Kisha akapanda ngazi za baraza bila kushika ukuta.

Mlango wa gari ulibaki wazi, ufunguo haujatolewa, kiti kitupu.

Ting...

Ting...

Ting...

Sindano akaanguka kwa magoti pale pale kando ya mlango. "Mama," akanong'ona. "Nimerudi. Shuka, mama. Nimerudi."

Ting...

Watu walifurahi. Niwaambie nini, watu walifurahi sana. Madaktari walipima wakapima tena, wakasema figo zimeamka, jambo ambalo hulisoma tu vitabuni. Shangazi alikuja na mashoga zake kumtazama wifi yake aliyefufuka, akasema yote ni kwa sababu ya gari, mgonjwa akipata usafiri mzuri hupona, na ushauri ule nani aliutoa? Grisi alikunywa chai yake, ingawa alikaa barazani, hakutazama upande wa bati.

Na yule wa ndani ya nyumba alikuwa mwema, lazima isemwe. Alifagia, alipika, alitembea. Hasa alitembea, alikuwa akienda sokoni mara nne kwa kutwa kutafuta vitu ambavyo vimo ndani. Sauti ni ya mama, alama ya kidonda kwenye kiwiko ni ya mama. Ila alimwita Sindano "mwanangu". Na kwenye gari hakuingia tena. Sindano alimbembeleza, akamdanganya, siku moja akamshika mkono kwa nguvu akamvuta mpaka mlangoni pa gari, akilia. Yule hakukasirika. Aliutoa mkono wake polepole.

"Nimekaa sana, mwanangu," akasema. "Wewe hujui kukaa."

Basi Sindano akawa na mama wawili wa kuwatunza, na mmoja tu ndiye wake. Siku za hospitali alifunga cherehani, akaingia kwenye gari, akafungua mkanda wa kando ili aisikie. Ting. Ile sauti ambayo madereva wote huichukia, yeye alikuwa akiishi kwa ajili yake. Aliendesha hadi hospitali, akaegesha kivulini, vioo wazi kidogo, akakaa humo muda wote ambao mashine ingekuwa ikifanya kazi, kisha akarudi. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Njiani alimpa mama habari: nani kaoa, nani kaleta kitambaa kidogo anataka gauni kubwa. Mlio ulikuwa ukibadilika. Siku mama akifurahi ulikuja kwa haraka. Ama ndivyo alivyojiambia.

Lakini uligeuka mdogo. Ukaanza kuruka. Ting... kisha kimya kirefu, Sindano ameshika usukani kwa mikono miwili, mpaka ting nyingine ifike. Harufu ya pumzi nayo ikapungua, ikawa ya dawa, ya chumba kilichofungwa. Manesi waliwahi kumwambia nini hutokea kwa mgonjwa wa figo asiyesafishwa damu. Walimwambia mapema kabisa, na hawakumficha. Huchukua muda kidogo tu.

Akaenda kwa Grisi kutafuta msaada? Hapana. Grisi angemtengenezea sensa.

Jioni aliyoijua siku zote kwamba itakuja, alitoka na ufunguo akaketi. Akawasha. Akafungua mkanda wa kando. Ulianguka ukalala bapa juu ya kiti, kama mikanda ya magari yote ya watu.

Akasubiri.

Akasubiri tena.

Labda sensa, akajiambia, labda kweli imekufa. Akanyoosha mkono akagandamiza kiti kwa kiganja.

Ting, gari likasema. Ting. Ting.

Akauondoa mkono. Kimya. Kiti kilikuwa baridi.

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini mfiwa huyu angeanzaje? Hakuna maiti wala kaburi. Angegonga mlango wa nani kumwambia mama amefariki, wakati mtaa mzima ulimwona mama asubuhi ile akirudi sokoni na kapu kichwani? Hata shangazi angemshika paji la uso. Sindano akajikunja juu ya usukani na kuuma kitambaa cha mkono wake, akajizuia, akajizuia tena, kisha kilio kikamshinda. Neno lililotoka ni lile lile ambalo kila aliyefiwa na mzazi hulitoa, hana jingine. Alilia kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa maishani.

"Mama..."

Jikoni kisu kikaacha kukata vitunguu.

"Naam, mwanangu," sauti ikaitika. "Nakuja."

Na nyayo zikaanza kusikika barazani, nzito, zenye afya, zikija upande wa gari.